Siku ya Tatu Mpe Jembe: Juu ya Desturi Yetu ya Kulinganisha Mezali

Iko kazi moja inayopendwa sana katika nyumba zetu za masomo, nayo ni kulinganisha mezali. Mwanafunzi hutwaa daftari, hupiga mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto huandika mezali ya wazee, upande wa kuume huandika neno la Kilatini, la Kifransa au la Biblia Takatifu linalofanana nayo. « Haba na haba hujaza kibaba », na mbele yake: Petit à petit l'oiseau fait son nid. « Haraka haraka haina baraka », na mbele yake: Festina lente. « Kidole kimoja hakivunji chawa »: Manus manum lavat. « Mchimba shimo huingia mwenyewe »: Kitabu cha Mezali, sura ya 26. Daftari likisha kujaa, hupanda mimbarini siku ya Mungu, na mhubiri husema: Tazameni, wakristu, hekima ni moja, wazee wetu walijua yote kabla ya kuletewa kitabu. Watu hufurahi, wengine hupiga makofi, kiisha huenda nyumbani na hakuna neno lililobadilika.

Sisemi kwamba kazi hiyo ni ya bure. Tukumbuke ilianza kwa sababu gani. Ilikuwa zamani ambapo Mzungu aliweza kuandika pasipo haya kwamba mtu mweusi hana fikira, ana desturi tu. Padri Placide Tempels, Mfransisko, alipotoa kitabu chake juu ya filosofia ya Kibantu katika Elisabethville mwaka 1945, naye Padri Alexis Kagame wa Rwanda alipotoa chake mwaka 1956, walikuwa kama mashahidi barazani: walileta maneno ya watu wetu, lugha yetu na mezali zetu, wapate kuonyesha kwamba kuna akili ndani yake. Mwaka huo huo wa 1956 mapadri weusi kadhaa walitoa kitabu chao kwa Kifransa wakijiuliza juu ya Kanisa na Afrika. Daftari la mistari miwili ni mtoto wa mashahidi hao. Lakini shauri lile tumekwisha kulishinda. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika andiko lake Ad Gentes la mwaka 1965, umeagiza makanisa machanga yatwae katika desturi na hekima ya mataifa yao mambo yote yanayoweza kumtukuza Muumba. Sasa hatuulizwi tena kama tuna hekima. Tunaulizwa tunaifanyia nini. Na hapo daftari letu halina jibu.

Kwanza, halionyeshi kwamba mezali hugombana zenyewe kwa zenyewe. Yule aliyesema haraka haina baraka, ndiye aliyesema pia « Ngoja ngoja huumiza matumbo ». Mwanafunzi huandika moja tu, ile iliyopata mwenzake wa Kilatini. Ya pili huiacha nje kama mtoto wa jirani. Biblia Takatifu haikuogopa ugomvi huo. Fungueni sura ile ile ya 26 ya Kitabu cha Mezali, aya ya 4 na ya 5: ya kwanza yakataza kumjibu mpumbavu kadiri ya upumbavu wake, ya pili yaamuru kumjibu. Zimewekwa bega kwa bega, wala mwandishi hakuona haya. Alijua kwamba mezali si amri wala katekisimu. Ni dawa, nayo dawa ina mgonjwa wake. Mganga anayewapa wagonjwa wote majani mamoja, kwa sababu tu majani hayo yanajulikana hata Ulaya, sijui kama mngempelekea mtoto wenu.

Pili, tunastaajabu upesi mno tunapoona mezali mbili zinafanana. Twasema: ni sheria ya asili iliyoandikwa mioyoni. Pengine ndiyo. Lakini pengine ni kwamba watu walitembea. Hiyo « haba na haba » tunayoiita ya wazee wetu wa Maniema, tazameni kibaba chake: ni kipimo cha nafaka cha watu wa pwani, robo ya pishi. Nimesikia mseminari mmoja akieleza kwamba mababu wa Kabambare walisema « Maji yakijaa hupwa ». Maji gani, ndugu yangu? Lualaba hujaa masika na kupungua kiangazi, ni kweli, lakini kujaa na kupwa ni maneno ya bahari, na bahari iko mbali na Kasongo zaidi ya kilometa 1000. Mezali hiyo ilikuja kwa miguu, pamoja na misafara, pembe za ndovu na minyororo. Tippu Tip alipofanya makao yake Kasongo karibu na mwaka 1875, alileta watu wa Unguja na wa Unyamwezi pamoja na lugha yao, na lugha haitembei pasipo mezali zake. Aprili 1893 askari wa Dhanis waliutwaa mji. Waarabu walishindwa, Kiswahili kilibaki, na mezali zake zikabaki mdomoni mwa Wakusu, Wazimba na Wangubangu. Leo ni zetu kweli. Lakini tusiseme zimeota hapa.

Wala jambo hilo si aibu, maana Roho Mtakatifu mwenyewe hakulionea aibu. Mwaka 1923 Mwingereza Budge alichapa andiko la kale la Misri, mafundisho ya mtu aitwaye Amenemope. Mwaka uliofuata Erman, Mjerumani, alionyesha namna yanavyofanana sana na Kitabu cha Mezali kuanzia sura ya 22, aya ya 17. Huko na huku mtu akatazwa kumnyang'anya maskini, na akatazwa kusogeza mpaka wa shamba. Kiisha kuna Ahikari. Sisi Wakatoliki tunamjua, maana Kitabu cha Tobiti chamwita mtoto wa ndugu yake Tobiti. Na mwanzoni mwa karne ya 20 maneno ya hekima ya huyo Ahikari yalionekana kwa Kiaramu katika kisiwa cha Elefantine, Misri. Aguri na Lemueli wa sura ya 30 na 31, wafasiri wengi husema hawakuwa Waisraeli. Hivi kitabu kitakatifu chenyewe kimepokea wageni mezani pake. Liwekeni neno hilo, maana juu ya mgeni tutarudi.

Tatu, na hapa ndipo ninapoogopa. Mataifa hupatana katika hekima, lakini hupatana vilevile katika ubaya. Wako waalimu wanaotetea fimbo kwa mezali: « Mchelea mwana kulia hulia yeye »; Mfransa naye asema Qui aime bien châtie bien; nayo Biblia, sura ya 13 ya Mezali, yataja fimbo waziwazi. Mashahidi watatu! Basi fimbo ya kiboko iliyowapiga baba zetu katika mashamba ya pamba ilikuwa na mezali pande zote mbili, ya mpigaji na ya mpigwaji. Je, mapatano hayo yaifanya kuwa takatifu? Alkwini, karibu na mwaka 798, alimwandikia Karolo Mkuu asiwasikilize wanaosema Vox populi vox Dei, kwa maana makelele ya watu wengi hukaribia wazimu. Ajabu ni kwamba sisi twaitaja mezali ile kama sifa, wala hatukumbuki kwamba andiko hilo la zamani laitaja kwa kuikanya.

Nitwae sasa mezali moja tu, niifuate polepole. « Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. »

Katika daftari inapatana na watu wengi sana. Plauto, mtunga michezo wa Roma, alimfanya mtu mmoja aseme kwamba hakuna mgeni asiyechukiza akisha kukaa siku tatu. Wafransa husema mgeni na samaki, siku ya tatu ni sumu. Waislamu, majirani wetu wa Kasongo ambao ni wengi, wana hadisi ya mtume wao kwamba haki ya mgeni ni siku tatu, na zaidi ya hapo ni sadaka. Tena mgeni asikae hata akamtia mwenyeji katika taabu. Na sisi Wakristu tuna Didake, andiko la zamani sana la Kanisa, lililoonekana tena mwaka 1873: sura yake ya 12 yasema mpita njia asaidiwe, asikae zaidi ya siku mbili au tatu; akitaka kukaa, naye ana kazi ya mikono, afanye kazi apate kula. Siku tatu, siku tatu, siku tatu. Mwenye daftari hufurahi, aandika: hekima ni moja.

Lakini wasikilizeni vizuri. Mrumi na Mfransa wanasema habari ya pua ya mwenyeji: mgeni ananuka, aondoke. Hadisi yahesabu haki za wawili, kila mmoja asimdhulumu mwenzake. Didake yaogopa watu wanaofanya biashara kwa jina la Kristu, tena yatafuta namna ya kumpa ndugu kazi. Na Mswahili? Yeye hasemi « mfukuze ». Hasemi hata « alime ». Asema « mpe ». Neno lote la mezali liko katika kitenzi hicho kidogo, nalo limeamriwa mwenyeji. Zamani jembe lilikuwa mali. Pahali pengi pa Afrika ya kati watu walilipa mahari kwa majembe. Kumpa mgeni jembe ni kutoa chuma chako, na tena ni kumwonyesha pahali pa kulitia, maana jembe pasipo udongo ni mzigo tu. Ni kusema: tangu leo hukai barazani kama mgeni, unakwenda shambani pamoja na watu wa nyumba. Julius Nyerere, mkristu mwenzetu, alipoitaja mezali hii katika andiko lake juu ya ujamaa mwaka 1962, alisema kwamba mara nyingi mgeni mwenyewe aliomba jembe kabla ya kupewa. Ni kweli, nami naongeza: aliweza kuomba kwa sababu alijua lipo.

Sauti moja tu kati ya hizo zote inatoka mdomoni mwa mgeni. Ni Yoshua bin Sira, sura ya 29 kutoka aya ya 21. Aeleza maisha ya kuhama nyumba hata nyumba, mahali ambapo huthubutu kufungua kinywa. Unawanywesha watu wala hushukuriwi. Kiisha waambiwa ondoka, nimepata mgeni wa heshima, ninahitaji nyumba yangu. Sura hiyo sijaiona katika daftari hata moja. Haina mwenzake upande wa kushoto, kwa sababu mezali nyingi juu ya wageni zilitungwa na wenye nyumba.

Hivi naona tulikosea swali. Yale ambayo mataifa wanashirikiana si jibu, bali taabu. Mrumi, Mwarabu, Mkristu wa kwanza, mtu wa Unguja na mtu wa Kabambare, wote waliona mlango ukifunguka, mtu asiyejulikana akaingia, na chungu kilikuwa kidogo. Wote walihesabu siku. Kila taifa lilijibu kadiri ya moyo wake, kadiri ya chungu chake, na katika tofauti za majibu hayo ndimo mhubiri anapaswa kutafuta, kwa sababu humo mnaonekana ni nani aliyefika karibu na Injili na ni nani aliyesimama mbali. Mbegu za Neno, ambazo Mtaguso unatuagiza kuzifunua, hazikupandwa sawasawa katika kila mstari wa daftari. Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 53 ya kanuni yake, hakuweka siku tatu. Alisema mgeni apokewe kama Kristu. Mbele ya neno hilo mezali yetu inapungua, na Plauto amepotea kabisa.

Pengine mtaniambia: Padri, unachimbua sana neno moja. Basi tazameni historia ya nchi yenu, maana ni nchi ya wageni. Livingstone alifika Kabambare akiwa na vidonda miguuni, akakaa hapo tangu Julai 1870 hata Februari 1871. Siku yake ya tatu ilipita zamani, naye hakupewa jembe, maana mgonjwa hapewi jembe. Mezali yenyewe yajua jambo hilo pasipo kulitaja. Nyuma yake walikuja wageni wa namna nyingine. Watu wa misafara walipokewa, kiisha waliwafunga wenyeji. Serikali ya kikoloni ilianzisha kilimo cha pamba cha lazima katika Maniema tangu 1917, na hapo mezali iligeuzwa juu chini: mgeni ndiye aliyempa mwenyeji jembe, akahesabu mistari ya pamba, na aliyepungukiwa alipigwa. Upande wa Salamabila dhahabu imewaita wageni wenye mashine na wageni wenye sepetu, na nyuma yao wenye bunduki. Katika miaka hiyo yote tulizoea kusema « Mgeni njoo, mwenyeji apone ». Nani alipona?

Na sasa wako wageni wengine tena. Kabambare inapakana na Fizi na nchi ya Tanganyika. Vita vikiwaka huko, watu huja na magodoro kichwani. Vikiwaka Salamabila, wenyeji wenyewe hugeuka wakimbizi katika vijiji vya ndugu zao. Nilisikia mahubiri ya padri mmoja, sitamtaja, aliyewaambia wakristu kwamba wakimbizi wasizoee kupewa, kwa kuwa mataifa yote, hata Wakristu wa kwanza, wanakubali kwamba siku ya tatu mgeni alime. Maneno yake yote yalikuwa ya kweli, kama daftari lilivyo la kweli. Lakini wenye mashamba walisikia nini? Walisikia ruhusa. Mama mkimbizi analima shamba la mwenyeji tangu asubuhi hata saa sita, anapewa bakuli la muhogo, na jioni jembe linarudi nyumbani kwa mwenyewe. Hakupewa jembe. Aliazimwa kwa masaa, kama mtu anavyoazima baisikeli. Mezali imesomwa, imelinganishwa na Didake, na imesaliti watu iliotungwa kwa ajili yao.

Kwa hiyo ninyi mnaokusanya mezali, na hasa makatekista wa vijiji vya njia ya Kasongo na Kabambare, ambao mko karibu na wazee kupita sisi wenye kukaa na vitabu, msikusanye maneno matupu. Majirani wetu Walega wa Pangi na Shabunda walitufundisha hapo. Katika bwami yao mezali haikusemwa hivi hivi. Ilikwenda pamoja na kitu, kono la konokono, ngozi, sanamu ndogo ya pembe, na mtu aliicheza mbele ya wenzake, mwenye kuingia apate kuiona kwa macho kabla ya kuielewa. Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyekaa kwao katika miaka ya 1950, aliandika mamia ya mezali hizo pamoja na vitu vyake katika kitabu chake cha mwaka 1973. Serikali ya kikoloni ilikuwa imekataza bwami mwaka 1948. Waliokataza waliona ngoma na pombe tu. Lile darasa hawakuliona. Sisemi turudishe bwami seminerini. Nasema Mlega aliyeandika mezali pasipo kitu chake angechekwa, nasi twaandika mamia pasipo kuchekwa.

Andikeni basi: nani alisema, alimwambia nani, shauri gani lilikuwa barazani siku hiyo, nani alinyamaza, na kiisha mali gani ilitoka mkono huu ikaenda mkono ule. Andikeni kwa lugha ya mzee mwenyewe, Kibangubangu, Kikusu, Kizimba, kwanza, na Kiswahili baadaye. Msimsahihishe. Akitaja mezali mbili zinazogombana, ziandikeni zote mbili na mwulize ni siku gani hutumia hii na siku gani ile. Kama mezali haina mwenzake wa Kilatini, msisikitike. Pengine hiyo ndiyo Kanisa lilikuwa halijaisikia bado. Profesa wa Maandiko Matakatifu atapata faida, yule wa mahubiri zaidi.

Na kwa habari ya jembe, mashirika yetu ya kikristu yaweza kuanza kwa kuhesabu: mapori gani hayalimwi, ya nani, mgeni atapewa kwa misimu mingapi, na ni nani atakayesimama naye mbele ya sultani siku mwenye shamba atakapotaka kurudishiwa kabla ya mavuno. Hesabu hiyo itatufikia na sisi. Misioni zetu nyingi zina viwanja vikubwa tangu zamani za Wazungu, vingine majani yamevifunika. Padri atakayepanda mimbarini Kabambare kuhubiri mezali hii, wakristu watamsikiliza kwa adabu, lakini macho yao yatatoka nje ya dirisha, yatazame mpaka wa shamba la misioni umefika wapi.